Mwamba Namba Sita

"Mwamba haupakwi rangi, Baba!"

"Shusha sauti."

"Sishushi. Nioneshe mwamba mmoja tu duniani wenye kutu na rangi ya kijivu, nikupigie magoti hapa hapa kwenye zulia."

"Nimesema shusha sauti, mpumbavu wewe!" Na yeye mwenyewe alikuwa anapiga kelele kuliko mimi.

Mama alikuwa pembeni anapiga pasi mashati ya Baba ya wiki nzima. Matano, yote meupe. Hakuinua hata macho. "Endeleeni tu," akasema. "Majirani wanasikiliza bure, hata viti hawajaleta."

Daftari lilikuwa mezani katikati yetu, limefunguliwa ukurasa wa themanini na nane, na Baba ameuwekea kiganja juu kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto. Chumba cha pili redio ya Bibi ilikuwa inaunguruma kwa sauti ya juu kabisa kama kawaida, maana masikio yake siku hizi ni ya mapambo tu. Ndiyo sababu tulithubutu kugombana vile. Tulijua hasikii.

Ngoja nieleze, maana ukiingia ugomvi katikati utadhani mimi ndiye mwenye adabu mbovu.

Baba ni mkuu wa wapimaji wa bahari pale bandarini. Kazi yao ni kujua maji yana kina gani wapi, ili meli zisikwame. Ofisini wanamwita Bwana Sentimita, na nyumbani pia tunamwita hivyo akiwa hayupo. Huyu ni mtu akikuta picha ukutani imeinama, hali mpaka ainyooshe. Mimi nimemaliza shule mwaka jana. Matokeo yakatoka, hayakuwa ya kuficha wala ya kutangaza, nikakaa nyumbani miezi mitano nahesabu nyufa za dari. Alipochoka kuniona nimejilaza akanitafutia kibarua kwake: kuingiza madaftari ya zamani kwenye kompyuta. Madaftari mia na kumi na mawili. Kutwa nzima ni namba. Ishirini na nne nukta moja. Ishirini na nne nukta tatu. Ikifika jioni mtu akikuuliza jina unataka kulitia nukta.

Sasa, zamani mashine za kupimia zilikuwa zinaharibika kila mara, kwa hiyo walipima kwa bildi, kile kipande kizito cha risasi kinachofungwa kwenye kamba na kuteremshwa majini. Chini ya bildi kuna kishimo, wanakijaza grisi, ili ikigusa chini inase kilichopo: mchanga, tope, kokoto. Ikipandishwa, mpimaji anaitazama, anaandika. Na hawa wapimaji wa ofisi ya Baba wana mtindo wao: kikinasa kitu kisicho cha kawaida, wanaipangusa ile grisi pembeni mwa ukurasa, iwe ushahidi. Madaftari yale ni machafu, we acha tu. Nimekuta magamba ya konokono, nimekuta unyoya, na ukurasa mmoja una jino, sijui la samaki sijui la mpimaji.

Ukurasa wa themanini na nane una doa la kutu. Ndani ya kutu kuna kigamba cha rangi ya kijivu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Mwandiko ni wa Baba, wa miaka thelathini iliyopita, umenyooka kama umepigwa rula. Na kwenye ramani, mahali hapo hapo, pameandikwa kwa wino: mwamba.

Nikazichora zile namba kwenye karatasi. Pande zote mchanga, mita ishirini na nne, ishirini na nne, halafu ghafla kumi na nane. Kumi na nane, kumi na nane, kumi na tisa, halafu ghafla tena ishirini na nne. Miamba mingine kwenye ramani ile imekaa kama matapishi, kila upande unakwenda unakotaka. Huu umenyooka. Urefu mita sitini na nne, upana mita nane, upande mmoja umechongoka kama kisu.

Mita sitini na nne. Hapo ndipo nilipoikumbuka barua ya Bibi.

Bibi ana barua moja tu ya Babu. Tangu nijue kusoma mimi ndiye namsomea, kwa hiyo naijua kama wimbo. Babu alikuwa baharia kwenye manowari, haikuwa na jina, ilikuwa na namba: Ishirini na Saba. Kwenye barua anajisifu: "Meli yetu ni hatua themanini kutoka mdomo hadi mkia, nimezipima mwenyewe, na upana hatua kumi, ukiniona juu yake utadhani ni yangu." Jioni ile nilitoka nikatembea hatua themanini barabarani, nikazipima kwa futi ya fundi seremala wa jirani. Sitini na nne na kitu kidogo. Fundi akaniuliza, "Unapima kaburi la nani refu hivyo?" Alikuwa anatania, maskini.

Sasa hiyo Ishirini na Saba. Wakati wa vita ilitoka bandarini alfajiri, watu arobaini na mmoja ndani, kwenda kuzuia meli za adui, na haikurudi. Hakikuonekana hata kipande cha ubao. Baada ya wiki mbili watu wakaanza kusema imekimbia, wamejisalimisha kwa adui, sasa hivi wanakula raha ughaibuni. Maneno yakawa ukweli. Nje ya ofisi za bandari kuna ukuta wenye majina ya mabaharia wote waliokufa vitani. Wa Ishirini na Saba hawamo hata mmoja. Bibi alikuwa na miaka ishirini na moja na mimba ya Baba. Miaka hamsini na saba ameitwa mke wa mtoro. Sokoni, msibani, popote. Baba naye shuleni wenzake walikuwa wanasema "Ishirini na Saba!" halafu wote wanakimbia wanacheka, wanamwacha peke yake uwanjani. Hiyo alinisimulia mwenyewe, siku moja tu, na hakuirudia.

Na sasa bandari inapanua njia ya meli. Imeletwa kampuni na baruti zake, na orodha ya miamba tisa ya kulipuliwa, kuanzia Jumanne. Namba sita ni huu. Chini ya orodha kuna sahihi ya Baba, kwa wino mweusi, ya Ijumaa. Niliiona kwenye mkoba wake, nikaenda kabatini kwake nikachukua daftari, nikaja nalo mezani. Ndiyo ugomvi wenyewe huo.

"Nani alikupa ruhusa ya kufungua kabati langu?" akauliza, kama vile kabati ndilo tatizo.

"Baba, Babu yumo mle. Na wewe Jumanne unamlipua."

"Ule ni mwamba."

"Una hatua themanini!"

"Kuna miamba ya hatua mia mbili. Hebu niambie, hesabu ulipata alama ngapi vile?"

"Chache. Lakini alama zangu hazijazika watu arobaini na mmoja wakaitwa jiwe."

Akainuka. Kiti kikaanguka nyuma yake. Mkono ukapanda, na mimi sikurudi nyuma, nilikuwa nautaka ule mkono, kusema kweli, ili niwe na sababu. Mama akaisimamisha pasi hewani.

"Mguse," akasema taratibu. "Mguse uone kama kesho utakwenda kazini na shati lenye tundu mgongoni."

Mkono ukashuka. Akaokota kiti, akakiweka sawa, miguu yote minne kwenye mistari ya zulia. Hata kwenye hasira ananyoosha.

"Nikuombe kitu kimoja," nikasema. Nilijaribu kuongea kama mtu mwenye akili. Pale ofisini penseli ni ya kila mtu, wino ni wa mwenye dhamana. Alichoandika mtu kwa wino, anakifuta yeye mwenyewe tu. "Chukua kalamu. Piga mstari juu ya namba sita. Mstari mmoja. Sentimita kumi na tano, Baba, wewe unazipenda sentimita."

"Toka mbele yangu."

"Uliona kutu. Ulipangusa kutu kwa mkono wako! Ulijua tangu siku hiyo!"

"Nimebakiza miezi minne nistaafu!" Mate yakaniruka usoni. "Miezi minne! Unajua nikipiga huo mstari wataniuliza nini? Wataniuliza nilikuwa wapi miaka thelathini. Nyumba hii unayopigia kelele, shule uliyoichezea, hizo suruali, vyote vimetoka kwenye huo mwamba!"

"Kumbe si mwamba."

"Ni mwamba!"

"Umesema 'huo mwamba' kama mtu anayetaja mke wa mwenzake."

"Ee Mungu," Mama akasema.

Hapo ndipo tukagundua tunasikia vizuri mno. Redio ilikuwa imezimwa.

Sijui imezimwa saa ngapi, na kumbe masikio yale hayakuwa ya mapambo kama tulivyodhani. Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa na Bibi akatoka, kashika mkongojo, khanga begani, na uso wake hauna kitu. Akatutazama mmoja mmoja kama anatuhesabu.

"Mume wangu," akaniita, ndivyo anavyoniita siku zote. "Nani kakuudhi?"

"Hakuna kitu, Mama," Baba akadakia. "Mambo ya kazi. Mtoto kavuruga madaftari."

"Sikukuuliza wewe. Wewe si mume wangu."

Sikuwa nimepanga. Nilitaka Baba afute kwanza, ndipo Bibi aambiwe kwa utaratibu, kwa chai. Lakini nilimtazama Baba na kile kiganja chake juu ya daftari, nikalivuta kwa nguvu mpaka jalada likachanika. Nikamshika Bibi kidole, nikakiweka kwenye doa.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Kutu ya Ishirini na Saba, Bibi. Haikukimbia. Iko hapo nje ya mlango wa bandari, chini. Ukianika nguo juu ya paa unaitazama."

Akakisugua kile kigamba polepole. Kikavunjika kidogo, unga wake ukabaki kwenye kidole. Hakulia. Watu wanaosimulia mambo kama haya husema bibi akalia, wa kwetu hakulia. Alinyanyua daftari, akalifunga, akanirudishia. Kisha akamgeukia Baba.

"Huyu anasema kweli?"

"Ni mwamba, Mama. Mtoto ana ndoto za mchana, hana kazi ya maana."

"Ni wa ngapi kwenye orodha yenu?"

"Wa sita."

"Una kina gani?"

Na Baba, Bwana Sentimita, ukimwuliza kipimo hata usingizini atakujibu, akajibu: "Kumi na nane nukta tano, maji yakiwa yamekupwa."

"Na ule wa tano?"

Akafungua mdomo, akaishia kunyoosha kola yake.

"Wa saba je?"

Kimya.

"Wa kwanza basi, mwanangu. Huo nao umeusahau?"

Pasi ikawa inatoa mvuke peke yake. Miamba tisa, na anajua mmoja tu kwa moyo, baada ya miaka thelathini. Mama akaizima. Shati la tano likabaki na mkono mmoja haujanyooshwa.

"Nilikuwa na miaka ishirini na saba," Baba akasema, na sauti ilikuwa bado ya ugomvi, sijui hakujua nyingine ya kutumia. "Bosi alikuwa nami kwenye boti. Kaiona kutu kama mimi. Akaniambia, tukiandika meli watakuja wanajeshi, mlango wa bandari utafungwa mwaka mzima, na wa kwanza kufukuzwa ni wewe mtoto wa mtoro, nimekuajiri kwa huruma. Andika mwamba. Nikaandika. Nikasema nikipata cheo nitasema. Nilipopata cheo, mimi ndiye nikawa mtu wa kuulizwa. Mlitaka nifanye nini? Na yeye alituachia nini? Eh? Alituachia namba ya kuzomewa!"

"Alikuachia baba aliyekufa kazini," Bibi akasema. "Wewe ndiye ukaniachia mtoro."

Mimi nikaliweka daftari kwapani. "Kesho saa mbili ofisi ikifunguliwa niko mlangoni kwa mkuu wa bandari. Doa hili litazungumza lenyewe."

"Ukitoka na daftari hilo, kibarua huna, na hapa usirudi," Baba akasema.

"Sawa."

"Sawa?"

"Sawa, Baba. Nyufa za dari nimeshazihesabu zote."

Nilitegemea arushe kitu. Badala yake akakaa. Akapekua mfukoni, akatoa leso, akajifuta. Akasema kwa upole kabisa, "Basi nenda. Kesho saa mbili. Nenda umwone mkuu wa bandari." Na pembe ya mdomo ikacheza kidogo tu, kama mtu aliyemwona mwenzake anapanda gari lisilo na injini.

Mimi nisingeona kitu. Nilikuwa nimeshajiona shujaa. Bibi ndiye aliyegonga mkongojo sakafuni.

"Unachekea nini?"

"Sicheki, Mama."

"Ulikuwa na miaka sita, ukavunja mtungi wangu ukaugeuza upande wa ukuta, ukakaa hivyo hivyo, na mdomo huo huo. Kuna nini kesho?"

"Hakuna."

"Mimi ni mzee, sina haraka. Nitasimama hapa mpaka miguu ikatae, halafu utanibeba mwenyewe uwaeleze watu niliangukia nini. Kuna nini kesho?"

Alisimama kweli. Mkongojo ulianza kutetemeka. Mama akataka kumletea kiti, Bibi akamkataza kwa jicho. Baba alikuwa anatazama picha ya Babu ukutani, ile ya kofia, imenyooka bila shaka, yeye ndiye huinyoosha kila Jumamosi.

"Wamebadilisha ratiba," akasema mwishowe, amebana meno. "Ijumaa jioni. Kwa ajili ya maji kupwa. Wanaanza kesho, si Jumanne. Wanaanza na namba sita."

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili na robo asubuhi."

Saa mbili ningekuwa nimesimama mlangoni kwa mkuu wa bandari nimechana nywele, na Babu ameshakuwa vumbi tangu alfajiri. Na yeye alikuwa ananiacha niende! Ananitakia safari njema!

"Wewe ni mtu gani?" nikamwuliza. "Hapana, nijibu. Wewe ni mtu gani?"

"Nyamaza," Bibi akaniambia. Kisha kwake: "Leo hii nani anaweza kuwazuia?"

"Mimi," Baba akasema.

"Mwingine?"

"Rubani wa meli wa zamu, yule anayeziongoza kuingia bandarini. Yuko kwenye mnara wake siku zote, hata Jumapili kama leo. Akiletewa taarifa ya meli chini ya maji, hakuna baruti inayowashwa mpaka mzamiaji ashuke."

"Simu yako ile pale," Bibi akasema.

Ilikuwa mezani, karibu na mkono wake, imelala sambamba na ukingo wa meza. Wote tukaitazama. Nitakuwa mkweli: mimi niliomba aichukue. Pamoja na yote, niliomba. Angeichukua ningempigia magoti yale niliyoahidi, kwa sababu nyingine. Mkono wake ulisogea, ukaigusa, ukaisogeza kidogo, ikakaa sawa zaidi. Ukarudi mapajani.

"Miezi minne, Mama," akasema.

Bibi akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa bei na kuikataa. Akanigeukia, akaingiza mkono kifuani, akatoa ile barua, ile ya hatua themanini, imelainika kama kitambaa. Akaitia ndani ya daftari, ukurasa wenye doa.

"Kamsomee huyo rubani. Usome kwa sauti, usimumunye maneno kama ulivyozoea. Akikuuliza umetumwa na nani, sema na mke wa baharia wa Ishirini na Saba. Sema hivyo hivyo."

"Nitasema, Bibi."

"Viatu," Mama akasema. "Utakwenda mnarani na ndala?" Akanirushia viatu, kimoja kikanipiga gotini. Nilikuwa nafunga kamba haraka kama mwizi wa kuku, na Baba mita mbili kutoka kwangu, hatazami, anahema tu.

Niliposhika kitasa akasema, "Daftari hilo ni mali ya ofisi."

"Waambie walifuate kwa rubani."

"Utajuta."

"Zamu yangu," nikasema. "Yako ilikuwa miaka thelathini."

Bibi alikuwa ameshavuta kiti, kile kile kilichoanguka, amekiweka mbele ya Baba, magoti kwa magoti, mkongojo umelazwa mapajani. Hakugeuka.

"Nenda, mume wangu," akasema. "Na mlango uufunge vizuri. Mimi na huyu ndiyo kwanza tunaanza."

Nikatoka. Nikaufunga.